Mkono wa Jumari

Watu wa Malang wakiuchukia muziki hawazomei wala hawaondoki. Huvua ndara zao wakazirusha jukwaani. Bendi za Jakarta zilikuwa zikija na mikogo yake yote, zikaondoka na rundo la ndara moja moja zisizo na wenzake. Kwa hiyo kijana wa Malang aliyethubutu kupanda jukwaani mbele ya watu wa kwao alikuwa ama jasiri, ama hazimtoshi. Jumari wa mtaa wa Sumberwaru, Mungu amweke, ujasiri alikuwa nao wa kiasi. Hayo mengine alijaliwa tele.

Sumberwaru ni mtaa wa tempe. Soya huchemshwa, hutiwa hamira yake, huachwa ishikane, kisha hukatwa nyembamba na kukaangwa mpaka ukiitafuna jirani asikie. Alfajiri kila nyumba ina kisu kinachogonga ubao, na Jumari alizaliwa katikati ya makelele hayo. Kabla hajajua kusoma alikwisha jua kwamba mama yake anakata upesi kuliko shangazi yake, na kwamba ukigonga debe katikati ya visu vyao viwili, kazi inageuka ngoma. Mama yake alimchapa kwa ajili ya debe hilo. Haikusaidia kitu. Alipoanza kuota ndevu alikuwa amejiundia ngoma za madebe ya mafuta, toazi la mfuniko wa sufuria, na kanyagio alilolinyofoa kwenye cherehani.

"Jumari! Cherehani yangu haina mguu!"

"Nimeuazima tu, Mak."

"Umeuazima? Haya, azima na wa kukimbilia, maana nakuja!"

Bendi yao iliitwa Guntur, yaani radi, na kwa kelele jina lilifaa. Mwimbaji alikuwa Yongki, mtoto wa mpiga picha, kijana mrefu mwenye nywele za mabegani na meno ambayo wasichana waliyazungumza. Ngoma za kweli zilinunuliwa na baba yake Yongki, na Jumari akaketi nyuma ya ngoma hizo, mahali ambapo mpiga ngoma huketi na hakuna anayemwona. Lakini nyimbo zilikuwa zake. Alizitunga asubuhi akikata tempe, akawapelekea wenzake mchana akiwa bado ananuka soya. Wimbo wao uliopendwa zaidi uliitwa "Suruali Bado Mbichi", unaomhusu kijana aliyeshindwa kwenda kumwona mchumba kwa sababu mvua haikatiki na suruali ya maana anayo moja. Watu walidhani ni mzaha. Ulikuwa ukweli mtupu.

Alichokitaka Jumari duniani kilikuwa kimoja, na hakukificha. Alitaka kuusikia wimbo wake kinywani mwa mtu asiyemjua.

"Mbona kila Jumamosi wanaimba nyimbo zako?" Yongki alimwambia siku moja.

"Wanaimba kwa sababu wewe una meno mazuri. Mimi namtaka mtu anayefua nguo zake huko, anaimba, na hajui hata kama nimezaliwa."

"Utangoja sana, Cak," alisema Yongki, na Cak kwao ndiyo kaka.

"Nitangoja. Mpiga ngoma kazi yake nini, kama si kuhesabu na kungoja zamu?"

Supiyah aliingia katika maisha yake kwa njia ya ndara. Jioni moja uwanjani Yongki alikuwa amelewa sifa, akaurefusha wimbo mpaka watu wakachoka, na ndara zikaanza kuruka. Moja ilimpita Yongki sikioni ikatua kwenye toazi la Jumari, papo hapo alipokuwa anataka kulipiga. Jumari akaduwaa. Onyesho lilipokwisha aliteremka na ndara mkononi, akawa anamtafuta mwenyewe.

"Ni yangu," alisema msichana mmoja mnene wa mashavu, amesimama kwa mguu mmoja. "Nilimlenga yule mwenye nywele."

"Umemkosa yeye, lakini mapigo umepatia."

"Basi nirudishie, nimpige sawasawa."

Walioana mwaka uliofuata. Supiyah alikuwa binti wa watu wa tempe vilevile, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kujifunza kitu kipya, isipokuwa kwamba mume akigonga meza wakati wa chakula haombi mboga.

Guntur walirekodi kaseti moja tu, huko Surabaya, katika studio iliyokuwa nyuma ya duka la matairi. Walipofunguliwa kasha la kwanza, Jumari alilisoma jalada mara mbili. Watunzi hawakutajwa kabisa. Wapigaji walitajwa, na penye ngoma pameandikwa: Jumadi.

"Herufi moja tu hiyo, Cak," Yongki alimbembeleza.

"Ndiyo, moja. Na mimi ni mmoja."

Kaseti yenyewe ilinunuliwa na shangazi, wajomba na wadeni wao. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Ya hawa maskini ilipasuka kabla hata ya kuvuma. Muziki wa dangdut ukapanda chati, harusi zote zikataka dangdut, na rock ikabaki ya wavulana wanaovuta sigara nyuma ya shule. Yongki akaenda Jakarta kuuza majokofu, akanyoa nywele, akawa anakuja kila Idi na mashati ya kola. Ngoma zikarudi kwa baba yake. Jumari akarudi kwenye ubao wa tempe.

Hakununa. Hilo ndilo lililotufanya tumpende, kwa sababu mtaani kwetu wapo watu waliowahi kuimba mara moja redioni na mpaka leo hawasalimiani na mtu. Jumari aliendelea kutunga. Alikuwa na nyimbo za mvua, za treni, wimbo wa bata aliyeingia msikitini, na kila aliyepita dirishani alisimamishwa ausikilize mpya. Wateja wake walilalamika jambo moja tu. Alikata tempe kwa mapigo ya rock, akitilia mkazo pale penye mkazo, na kila kipande cha nne kikatoka kinene.

"Watu wananunua vipande vyembamba, Jumari," Supiyah alikuwa akimwambia.

"Hicho kinene ni zawadi."

"Hicho kinene ni mbichi katikati."

Wakaishi hivyo, watoto wakaja, mvi zikaja. Wimbo kinywani mwa mgeni ndio haukuja.

Sasa ikaingia Ramadhani moja ya msimu wa mvua, na bedug ya msikiti wetu ikapasuka ngozi. Bedug ni ngoma kubwa kama pipa, inayopigwa wakati wa sala ukiingia, kabla ya adhana. Mtu wa Sumberwaru anaweza kuwa na saa mkononi na redio mezani, lakini hatii tonge kinywani mpaka aisikie. Imamu wetu, Haji Dulmanan, mtu mkavu, mwenye kauli chache na ndevu nyingi, akaja mwenyewe mpaka kwenye ubao wa tempe.

"Jumari, nasikia unazijua ngozi."

"Nimekaa na ngozi kuliko nilivyokaa na mke, Abah."

"Hilo namwachia mkeo alijibu. Wewe niwambie bedug. Na usiniletee rock yako humo."

Jumari akapewa ngozi ya nyati. Aliiloweka, akaikwangua, akaiwamba, akaipigilia vigingi vya mbao pande zote, na mke wake anasema hajamwona na furaha ile tangu siku ya harusi, na siku ya harusi pia hana hakika. Ilipokauka ilikuwa imekaza sawasawa. Haji Dulmanan aliitazama, akaguna. Kwa Haji Dulmanan mguno ni sifa kubwa.

Jioni yake mawingu yalitanda mpaka hukuweza kujua jua liko upande gani. Na umeme, kama kawaida yake, ukakatika mtaa mzima. Kipaza sauti kikafa, saa za ukutani zikasimama, na watu wote wakakaa mbele ya masahani yao wakiitegea bedug peke yake. Haji akamweka Jumari pale ngomani.

"Simama hapa. Mimi naenda kutawadha. Nikikuinulia mkono, upige. Umesikia?"

"Nimesikia, Abah."

Mazoea yana taabu, jamani. Maisha yake yote ya jukwaani Jumari hakuwahi kuanza onyesho bila kujaribu ngoma. Unagonga, unasikiliza, unakaza, unagonga tena. Mpiga ngoma asiyejaribu ngoma yake ni sawa na mpishi asiyeonja, na mpishi mwenyewe mwezi ule haonji, ndiyo maana chumvi huzidi. Jumari akaigusa ngozi kwa ncha ya kidole. Ikaitika kwa sauti nzito ya chini, sauti ambayo hakuisikia tangu ngoma za Guntur zilipoondoka. Akasema moyoni, moja tu, polepole, nijue kama upande wa kushoto umelegea. Akashika kipigio.

Upande wa kushoto haukuwa umelegea. Ulikuwa mtamu. Akajaribu wa kulia, kisha pande zote mbili, na kabla hajajitambua alikuwa amefumba macho na bedug ya Sumberwaru inanguruma mpaka ng'ambo ya mto.

Mtaa mzima ukafuturu. Maji yakanywewa, vitumbua vikamegwa, watoto waliokuwa wanafunga kwa mara ya kwanza wakarukia uji. Haji Dulmanan, aliyekuwa bombani na tende mfukoni, akasikia bedug, akasema bismillahi na kuitia mdomoni. Ndipo akakumbuka kwamba mkono hakuuinua. Akatoa saa yake ya mfukoni, akaitazama, akaitema tende, akaja mbio na miguu inachuruzika.

"Jumari! Jua limezama wapi?"

Jumari akafumbua macho. "Abah, mimi... nilikuwa najaribu tu."

"Unajaribu! Wewe unajaribu, na mtaa mzima unatafuna!"

Maji yakimwagika hayazoleki, seuze yaliyokwisha kunywewa. Watu walitoka nje na vijiko mikononi. Mama mmoja jirani alisimama katikati ya njia, shavu moja limejaa, hajui ateme au ameze.

"Umetufanya makobe, Cak Jumari!" alipiga kelele. "Tumekula mchana wa Mungu mtaa mzima, kama makobe!"

Siku ile ikahesabiwa imeharibika, kila mtu atailipa. Haji akakichukua kipigio, akakifungia kabatini. Na utani ukaanza, kwa sababu watu wa Malang hawajui kusamehe kabla hawajacheka vya kutosha. Jumari akabatizwa Cak Jaribu. Akienda sokoni anaulizwa, "Cak, leo tule saa ngapi?" Akikohoa, mtu atasema bismillahi.

Alicheka nao siku mbili tatu, kisha akanyamaza. Hakugonga meza, hakusimamisha mtu dirishani. Kumfungulisha mtu mmoja kwa bahati mbaya ni jambo, sembuse mamia ya watu, na wazee ndani yao ambao hawajui kama wataufikia mwezi wa kulipa. Hilo ndilo lililomtafuna. Supiyah alivumilia mpaka asubuhi moja alipokiinua kichungio cha tempe dirishani penye mwanga.

"Jumari, tempe yako inanitisha."

"Ina nini?"

"Imelingana. Vipande vyote sawa. Wewe unaumwa."

"Si ndivyo ulivyotaka miaka yote?"

"Nilitaka nikiwa na mume mzima. Waombe watu radhi, roho yako itulie."

"Nimewaomba. Wanacheka."

"Basi waombe kwa namna unayoijua wewe."

Ndipo alipoutunga. Si rock, wala hauna gitaa. Aliutunga kwa lugha ya jikoni, kwa mapigo ya kisu juu ya ubao, na alipomwimbia Supiyah kwa mara ya kwanza, mama wa watu alicheka mpaka akakaa chini juu ya gunia la soya.

Idi ilipopita, Haji Dulmanan akatangaza kwamba watu wa Sumberwaru watailipa ile siku pamoja, na watafuturu pamoja uani mwa msikiti. Tempe itatoka nyumbani kwa mkosaji. Jioni hiyo bedug alipiga Haji mwenyewe, vibaya sana. Watu waliposhiba, Jumari akasimama na ubao wake na kisu, akaimba:

Jumari mkono wako, una haraka ya nini?
Jua halijenda kwao, tonge li mwetu kinywani.
Imamu katema tende, utamu bado kooni.
Siku moja twadaiwa, tutalipa mwezi gani?

Watu wote wakamtazama Haji Dulmanan.

"Mimi nimo humo?" aliuliza Haji.

"Umo, Abah. Niwie radhi."

"Hebu rudia hapo pa tende."

Jumari akarudia. Ndevu za Haji zikaanza kutikisika, kwanza chache, kisha zote, na uani kukawa na kicheko ambacho hatujakisikia tena. Siku hiyo Haji alikirudisha kipigio. "Chukua," alisema. "Ila Ramadhani nitakishika mimi mpaka jua lizame nilione."

Baada ya hapo wanawake wa Sumberwaru hawakukaanga tempe bila wimbo ule. Watoto waliruka kamba nao. Supiyah akamwuliza mumewe kama sasa ameridhika.

"Nimefurahi," Jumari alijibu. "Lakini hawa wananijua, Supi. Jirani akikuimbia, anakuimbia wewe. Hauimbi wimbo."

Mwaka uliofuata, mwezi wa Shaabani, alikwenda Lumajang kupeleka tempe kwa mwenye duka mmoja. Asubuhi ilikuwa ya jua, soko limejaa ndizi, maana Lumajang ni nchi ya ndizi. Jumari alikuwa anapita na maboksi yake matupu alipousikia. Mama mmoja muuza ndizi, ameketi juu ya kigoda, anakata mikungu kwa panga na kuimba peke yake, kama mtu anavyojikuna bila kujua.

Jumari mkono wako, una haraka ya nini?

Jumari akasimama katikati ya njia. Mtu wa mkokoteni akamtukana, hakumsikia. Alisogea mpaka kwenye ndizi, akajifanya anachagua.

"Wimbo mzuri huo, Bu."

"Huu? Wa zamani sana huu. Bibi yangu alikuwa akiuimba."

"Bibi yako yu hai?"

"Ana miaka kaburini. Unataka za kukaanga au za kula hivi hivi?"

"Zozote." Akaanza kuimba na yule mama, akigonga boksi kwa vidole. Mama akamkatiza.

"Sivyo, Pak. Unagonga mapema. Ngoja neno liishe, ndipo ugonge. Wewe huujui wimbo huu."

"Nisamehe. Hebu nifundishe."

Mama yule akaweka panga chini, akamfundisha, kwa subira, kama mtu anavyomfundisha mgeni njia. Walipofika penye kulipa siku, Jumari akanyamaza, kwa sababu wimbo ulikuwa umekwisha. Mama hakunyamaza. Aliendelea:

Mwacheni Jumari wetu, ngoma kwake ni mapenzi.
Mapema hakukusudi, mkono ndio mshenzi.
Tutalipa siku yetu, na yeye tutamuenzi.

Maneno hayo Jumari hakuyatunga, wala hapana mtu wa Sumberwaru aliyeyatunga. Yalikuwa yamezaliwa huko njiani, kwa watu asiowajua, nao walikuwa wamekaa wakamfikiria na kumsamehe.

"Huyo Jumari," aliuliza, "alikuwapo kweli?"

"Alikuwapo. Mtu wa kale, huko Blitar. Alizikwa na ngoma yake."

"Mungu amrehemu."

"Amina," alisema mama. Kisha akamtazama vizuri. "Mbona unalia, Pak? Mlikuwa jamaa?"

"Tulikuwa karibu," alisema Jumari.

Alifika nyumbani jioni na ndizi nyingi kuliko walizoweza kula. Alimsimulia Supiyah yote akiwa amesimama, akirudi nyuma kila aliposahau kitu, mpaka Supiyah akamkalisha kwa nguvu.

"Na hukumwambia kwamba ni wewe?"

"Ningemwambia vipi, Supi? Nimekwisha zikwa. Na bibi yake aliuimba kabla sijautunga." Alicheka, kisha kicheko kikamgeuka, akalia waziwazi, mzee mzima, mikono imelala mapajani. "Hanijui. Hanijui kabisa, Supi. Na alinikosoa."

Supiyah alimwacha alie mpaka akamaliza. Akasogeza kigoda chake karibu, akamfuta uso kwa ncha ya khanga.

"Haya," alimwambia, "nifundishe ule ubeti usio wako."